Kupimwa usonji kwa heshima: mzazi wa Mtwara na Lindi ajiandae vipi

Wazazi wengi wanaofika hospitali kuulizia usonji (autism) kwa mara ya kwanza hutarajia mtoto atolewe damu au apigwe picha ya kichwa, kisha itoke karatasi inayosema ndiyo au hapana. Haiko hivyo. Usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Unatambuliwa kwa kumtazama mtu, kucheza au kuzungumza naye, na kuwauliza wanaomjua tangu utotoni. Majibu yatakuwa sahihi au ya makosa kutokana na mambo mawili: mtoto alikuwa katika hali gani alipotazamwa, na wewe uliyemleta ulikuja na habari gani.

Tathmini ya zamani, ambayo bado ipo mahali pengi, ni orodha ya makosa: haangalii, hasemi, hachezi na wenzake. Tathmini inayomheshimu mtu inaanzia kwingine. Inachukulia kwamba ubongo wa mwenye usonji umejengwa kwa namna yake, haujaharibika, na inauliza mtu huyu anaishije, nini kinamchosha, nini kinamtuliza, na anahitaji nini ili aishi vizuri. Wapo wanaoona kwamba hayo ni huruma tu. Sisi tunasisitiza kwamba ni suala la usahihi. Mtoto aliyekaa foleni kwa muda wa saa nne, akanyang'anywa kichezeo chake na kushikwa mikono ili atulie, anaonyesha hofu na njaa. Anayeandika alama wakati huo anapima hofu na njaa.

Pa kuanzia

Mahali rahisi ni kliniki ya mtoto. Miezi 18 mtoto anakwenda kupata chanjo ya pili ya surua na rubela, na huo ndio wakati mzuri wa kumwambia muuguzi, hata kama hajauliza, kwamba mtoto haitiki akiitwa, haonyeshi vitu kwa kidole, au alikuwa na maneno na sasa hayasemi. Tuseme na hili moja kwa moja: chanjo hailetei mtoto usonji. Makala ya kitabibu ya mwaka 1998 iliyozusha madai hayo ilihusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Dalili huonekana zaidi kati ya mwaka mmoja na miwili, umri uleule wa chanjo hizo, ndiyo maana watu wakaunganisha mambo mawili yasiyohusiana.

Kuna dodoso fupi linaloitwa M-CHAT-R, la maswali 20 ya ndiyo na hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 hazitii wasiwasi, 3 hadi 7 zinahitaji maswali ya ziada, 8 na kuendelea zinatosha kumpeleka mtoto kwenye tathmini kamili. Dodoso hili linachuja tu. Akitokea mtu akakuambia mtoto ana usonji kwa sababu ya dodoso peke yake, bado hajapimwa.

Kutoka zahanati au hospitali ya wilaya utapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, ambayo ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na pengine zaidi ya hapo: Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara, au Muhimbili. Soma barua ya rufaa kabla ya kuondoka dirishani. Barua iliyoandikwa "mtoto msumbufu" au "haongei" itakupeleka mlango usio wako. Omba iandikwe kwamba mtoto anahitaji tathmini ya ukuaji, mawasiliano na tabia, na kipimo cha kusikia.

Kisha piga simu, au mtume ndugu aliye mjini akaulize, kabla hujalipa nauli. Je, siku hiyo yupo daktari wa watoto au wa afya ya akili anayefanya tathmini ya ukuaji? Yupo mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, au wa lugha na matamshi? Tathmini itachukua siku moja au zaidi? Bima yenu inalipia nini na nini mtalipa taslimu? Mtu mmoja anaweza kuanza kazi, lakini majibu yanakuwa imara zaidi wakiangalia wataalamu wawili au watatu wa fani tofauti.

Masikio kwanza

Mtoto asiyeitika jina lake lazima apimwe kusikia kabla ya jambo lingine lolote. Kupiga makofi nyuma ya kichwa si kipimo, kwa sababu mtoto huhisi upepo wa mikono, au huona kivuli na kugeuka. Wala kuziba masikio adhana inapolia si ushahidi kwamba anasikia kila kitu. Anaweza kusikia sauti nzito na akapoteza zile nyembamba zinazotofautisha neno na neno, au akawa na majimaji ndani ya sikio yanayokuja na kuondoka. Kipimo kinachomfaa mtoto mdogo ni cha kuweka kiziba laini sikioni kinachotoa sauti ndogo na kupokea mwangwi wake. Ni dakika chache, hakiumi, na hufanyika vizuri zaidi akiwa amelala. Mpange afike amechoka kidogo na ameshiba.

Picha ya kichwa na kipimo cha umeme wa ubongo havihitajiki kwa ajili ya usonji peke yake. Vina kazi yake kama mtoto ana kifafa, anapoteza fahamu, au uwezo aliokuwa nao unaporomoka haraka. Hayo yakitokea usisubiri tarehe ya tathmini, nenda hospitali. Vinginevyo, ukiambiwa ulipie picha ya kichwa, uliza inatafuta nini.

Daftari na simu

Hapa ndipo mzazi anapofanya kazi ambayo hakuna daktari anayeweza kuifanya. Mtaalamu atamwona mtoto wako kwa muda wa saa mbili au tatu, tena chumba kigeni. Wewe unamwona kila siku.

Chukua daftari la kawaida, gawa ukurasa sehemu tatu: kabla ilikuwaje, ikatokea nini, baada ya hapo ikawaje. Andika kwa siku saba, matukio mawili au matatu kwa siku. Ukiandika "ana hasira sana", hujamsaidia mtu. Andika hivi: *Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni. Alikuwa anakula mkekani. Adhana ilipoanza kwenye spika akaziba masikio, akaingia chini ya kitanda. Alikaa mpaka ikaisha na kama dakika kumi zaidi. Akatoka mwenyewe, akamalizia chakula.* Mistari hiyo imeeleza kelele ipi, inamgusaje, anajitulizaje, na kwamba hakuhitaji kuchapwa wala kubembelezwa ili arudi kula. Andika na mazuri kwa uzito uleule: wimbo anaoujua wote, namna anavyokumbuka njia ya kwenda kwa bibi, kitu kinachomfanya acheke mpaka akae chini.

Kurasa za mwisho weka historia. Mimba na kujifungua kulikuwaje, alilia mara moja au alichelewa, aliwahi kupata degedege au manjano, alikaa na kutembea lini, neno la kwanza lilikuwa lipi na lini, kuna maneno yaliyopotea? Kama tarehe hazikumbukwi, zipime kwa mambo mnayoyakumbuka: kabla ya mfungo wa mwaka ule, au wakati wa kuokota korosho. Beba na kadi ya kliniki.

Kwenye simu rekodi vipande vya dakika mbili au tatu: akicheza peke yake, akila, akiwa na ndugu zake, akiwa na furaha, na akiitwa jina mara moja tu. Wengi huharibu hicho cha mwisho kwa kuita mara kumi huku wakisogea, mpaka mtoto anageukia vishindo badala ya jina. Akizidiwa, rekodi ikiwa tu yupo mtu mwingine wa kumsaidia. Na video hizi ni za mtaalamu. Zisiende kwenye kundi la ukoo wala kwenye hali ya WhatsApp, maana mtoto huyu atakua na atakutana nazo.

Aje nani? Aje anayemlea. Msimu wa korosho wazazi wengi wako shambani kutwa na mtoto yuko kwa bibi. Basi bibi ndiye shahidi mkuu, mlipie nauli yeye kabla ya shangazi anayejua kuongea na madaktari.

Safari

Kutoka Liwale, Newala au Nanyumbu, kufika asubuhi na kuingia chumbani siku hiyohiyo ni kumpeleka mtoto akiwa amekwisha. Fikeni jana yake mkilala kwa ndugu, na omba namba ya kwanza kabla benchi halijajaa. Beba chakula anachokijua, hata kama ni ugali wa muhogo mkavu bila mchuzi au ming'oko, kikombe chake, kanga anayolalia, na kile kitu asichokiachia mkononi, kiwe kamba au kipande cha boksi. Usimnyoe wala kumvika nguo mpya siku hiyo ili apendeze. Mwambie kwa maneno machache mnakwenda wapi na mtarudi lini. "Hakuna sindano" sema tu ikiwa umeuliza na ni kweli. Ukimdanganya mara moja, hospitali inayofuata itakuwa vita.

Ndani ya chumba

Kwa kawaida kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni mahojiano na mzazi, na yakifanywa kwa ukamilifu huweza kuchukua hadi muda wa saa mbili na nusu. Ya pili ni kumtazama mtoto akicheza. Kifaa kinachotajwa sana kwa sehemu hii ni ADOS-2, yaani seti ya michezo na mazungumzo yanayopewa alama. Huchukua dakika 40 hadi 60 na kina matoleo matano, mtoto akipewa moja kulingana na umri na kiasi cha maneno yake. Kinahitaji mtu aliyefunzwa kukitumia. Kugawa kazi siku mbili ni bora kuliko kuimaliza kwa kumlazimisha.

Mtaalamu mzuri unamjua mapema. Tuseme mtoto ameketi anapanga vizibo vya soda, mstari mmoja mrefu, vyote vikiangalia juu. Mwenye haraka atavikusanya aweke mwanasesere mbele yake, na mtoto atapiga kelele, na daftarini itaandikwa "hashirikiani". Anayejua kazi yake ataketi sakafuni kando, atachukua vizibo vingine na kuanza mstari wake, halafu atanyamaza. Dakika tatu, nne. Mtoto anatupia jicho mstari wa pili. Anaona kizibo kimoja kimepinduka, anakigeuza. Baadaye anachukua kimoja chake na kukiweka kwenye mstari wa mgeni. Pale pamepatikana habari nyingi: anaona watu, anagawana, na anafanya hivyo kwa njia yake, asiposhinikizwa.

Sasa mambo ambayo huleta makosa huku kwetu, na unapaswa kuyasema waziwazi.

Macho. Vipimo hivi viliundwa Marekani na Uingereza, ambako mtoto anatarajiwa kumtazama mkubwa usoni. Kwetu mtoto aliyefunzwa adabu huinamisha macho mbele ya mtu mzima. Mweleze mtaalamu mtoto anawatazamaje wadogo zake na watu wa nyumbani, hapo ndipo tofauti inapoonekana. Kinyume chake pia kipo: mtoto asiyetoa shikamoo huitwa hana adabu, kumbe anashindwa kupata neno haraka kiasi hicho mbele ya uso mgeni.

Keki. Mojawapo ya michezo ya ADOS-2 kwa watoto wadogo ni kumfanyia mwanasesere sherehe ya siku ya kuzaliwa, na keki yenye mishumaa. Mtoto ambaye hajawahi kuona mshumaa ukipulizwa juu ya keki hatajua la kufanya, na hilo halimaanishi hana uwezo wa kuigiza. Mpe kinu na mchi vya kuchezea uone. Uliza: mchezo huu mmeuwekea alama vipi? Mtaalamu anaweza kubadilisha mchezo ili apate picha ya kweli, lakini akibadilisha, alama za kifaa hazihesabiki tena kama kawaida, na anapaswa kuandika hivyo kwenye ripoti.

Lugha. Kama nyumbani mnasema Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao, tathmini ya Kiswahili peke yake itaonyesha nusu ya maneno yake. Hesabuni maneno ya lugha zote pamoja, na omba mmoja wa familia atafsiri. Lugha mbili hazisababishi usonji, wala hakuna haja ya kuacha lugha ya bibi ili mtoto aongee.

Hisia za mwili. Tangu DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo wa Marekani ambao madaktari hutumia kutambua hali za akili na ukuaji, namna mtu anavyopokea sauti, mwanga, harufu, mguso na maumivu ni sehemu rasmi ya vigezo vya usonji. Usipoulizwa, eleza. Na kama mtoto anakaribia kuingia jandoni au unyagoni, litaje mapema. Ngoma usiku kucha, umati, kulala mbali na mama na maagizo yanayotolewa kwa mafumbo ni mzigo mzito kwa mtu wa namna hii, na ushauri wa maandishi utakusaidia kuzungumza na ukoo na kungwi bila ugomvi.

Yapo ya kukataa: kushikwa kichwa ili aangalie, kuzuiwa asipunge mikono au kujitikisa, kunyimwa chakula mpaka "aombe vizuri", kusemwa mbele yake kana kwamba hasikii. Mtoto asiyeongea anaweza kuelewa mengi. Huhitaji kugombana. Sema tu: "Daktari, samahani, mtoto amezidiwa. Naomba tutoke nje kidogo, tutarudi." Anayejali atafunga daftari na kusubiri.

Wasichana na watu wazima

Wasichana huchelewa kutambuliwa, maana wengi huiga wenzao shuleni na kujikaza kutwa, kisha wanaporomoka wakifika nyumbani: kulia, kununa, kulala bila kula. Mwalimu atasema hana tatizo, na anasema kweli kwa anachokiona. Peleka maelezo ya saa za jioni. Mtu mzima anayetaka kupimwa aje na ripoti za shule na mtu aliyemjua utotoni, aombe maswali kwa maandishi kama kuongea kunamchosha, na aseme anachofanya ili aonekane kama wengine na kinavyomgharimu. Kigezo cha dalili kuanza utotoni kipo, ila zinaweza kuwa zilifichika mpaka maisha yalipomlemea.

Majibu

Kwa DSM-5, lazima zipatikane dalili zote tatu za upande wa mawasiliano na mahusiano, na angalau mbili kati ya nne za upande wa marudio, utaratibu, mambo anayoyapenda kupita kiasi na hisia za mwili. Utasikia pia ngazi ya 1, 2 au 3. Hizo ni kiasi cha msaada anachohitaji sasa, na huweza kubadilika. Hazipimi akili wala thamani yake.

Majibu yanaweza kuwa kitu kingine, kwa mfano usikivu hafifu, kuchelewa kwa lugha, tatizo la umakini na utulivu, kifafa au ulemavu wa akili, au kimojawapo pamoja na usonji. "Tumwangalie tena baada ya miezi sita" ni jibu halali ikiwa limekuja na msaada wa kuanza leo. Picha za kuonyeshea anachotaka na ishara za mikono zianze hata kabla ya jina la hali yake kupatikana. Hazimfanyi mtoto mvivu wa kuongea. Jibu lisilokubalika ni la dakika kumi kutoka kwa mtu ambaye hakumtazama mtoto wala kukuuliza alikotoka. Omba rufaa nyingine.

Baada ya jina kutajwa, wauza tiba watakufuata. Hakuna dawa inayoondoa usonji, ingawa zipo za kusaidia kifafa au usingizi. Maji ya klorini dioksidi yanayouzwa kama tiba ya usonji ni kemikali kali ya kupaushia viwandani, inaunguza utumbo. Dua ni yenu na hakuna wa kuwazuia, lakini mtoto asifungwe, asichapwe na asinyimwe chakula kwa jina la kumtoa mashetani.

Usiondoke bila ripoti ya maandishi kwa Kiswahili unachokielewa. Iwe na kilichotumika kumpima, kilichobadilishwa, anayoyaweza, yanayomlemea, na mapendekezo yenye vitendo. "Apewe uangalizi maalumu" haimwambii mwalimu afanye nini. "Akae mbali na kengele, apewe maagizo moja moja, aruhusiwe kutoka nje dakika tano akiziba masikio" inamwambia. Barua ya shule iwe fupi, ukurasa mmoja, iende kwa mwalimu mkuu na kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri; Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma. Mwalimu hahitaji historia ya mimba yako, kwa hiyo ripoti nzima usimpe.

Uliza pia namna ya kumwambia mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka saba au minane anayeelewa anaweza kuambiwa: "Masikio yako yanasikia kwa nguvu kuliko ya wengine, na ubongo wako unapenda kujua mapema kitakachotokea. Namna hiyo ina jina, inaitwa usonji." Mwambie akiwa ametulia, akiwa na vizibo vyake, na mpe muda wa kuuliza hata kama swali litakuja wiki mbili baadaye.

Toa nakala tatu za ripoti mjini kabla ya kupanda basi. Piga picha kila ukurasa kwa simu, na ile halisi iweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, juu, mbali na mchwa na masika.